Marehemu wa Sauti ya Pili

Ng'ombe aliyening'oa meno nilimnunua mwenyewe, nikamlea mwenyewe, na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimempashia maji ya kunywa kwa sababu baridi ya Njombe ilikuwa imeshaanza. Niliinama mbele yake kuokota ndoo. Naye akainua kichwa ghafla, kama mtu aliyeitwa, paji lake likanipata mdomoni. Meno mawili ya mbele, ya juu, yakabaki kwenye majani. Ng'ombe akaendelea kula majani yaleyale. Mpaka leo namkamua, na mpaka leo sijamsamehe sawasawa.

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa hasara ya sura, basi. Kazi yangu ni kufuma masweta ya wanafunzi kwa mashine, na sweta halihitaji meno. Lakini mimi pia napiga tarumbeta, na hapo ndipo balaa lilipokuwa. Ukipuliza tarumbeta, mdomo unaegemea meno yaliyo nyuma yake. Meno yakiondoka, mdomo unazama ndani, pumzi inavuja pembeni, na kinachotoka ni mlio wa bata aliyekanyagwa. Nilijaribu siku ya tatu tu, na fizi bado zimevimba. Mbwa wa jirani akaanza kubweka.

Niseme kidogo kuhusu bendi yetu, maana mgeni akisikia bendi anafikiria gitaa na maspika. Yetu ni ya kanisa, mapembe ya shaba matupu, na watu wake nusu wanatoka Njombe na nusu Makambako. Nasikia kwenye miji mikubwa ya dunia kuna okestra zenye msimu wao wa maonyesho, watu wanakata tiketi na kuvaa viatu vya kung'aa. Haya, na sisi tuna msimu. Unafunguliwa Njombe mwezi wa sita, watu wakiwa wameanza kuvuna, na unafungwa Makambako Jumapili ya kwanza ya Majilio. Katikati tunakwenda popote tunapoitwa: Kifanya, Ludewa, na vijiji ambavyo gari linasukumwa kabla halijafika. Watu wanakaa mchana mzima kusikiliza nyimbo za sauti nne, hakuna mahubiri, hakuna mchango, na wanaondoka wamenyamaza. Viatu vyetu having'ai, lakini ni msimu.

Mwezi wa sita shaba inakuwa baridi kiasi kwamba sauti inashuka yenyewe. Kile kikombe kidogo cha kuwekea mdomo inabidi ukipashe moto mwilini kabla ya kupiga. Wanawake tunakiweka kifuani ndani ya sweta, wanaume wanakiweka kwapani, na ndiyo maana mimi kikombe siazimi.

Nilikuwa napiga alto, sauti ya pili. Sauti ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo, ndiyo watu wanayokwenda nayo nyumbani. Besi inasikika mpaka barabarani. Alto hakuna anayeikumbuka. Hakuna mtoto aliyewahi kurudi kutoka kanisani akiimba alto. Lakini iondoe uone. Wimbo unabaki umesimama, lakini una ubaridi ndani, na msikilizaji hajui kwa nini anataka kufunga koti. Tulikuwa wawili kwenye alto, mwenzangu akaolewa akahamia mbali, nikabaki peke yangu. Nilijivunia hilo, sifichi. Mtu wa mashine ya kufuma hana mahali pengine ambapo akikosekana watu wanasikia.

Kwa hiyo nilipotoka kwa daktari wa meno, kitambaa mdomoni, nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa bendi. Ni mwalimu mstaafu, mtu mkavu, anaongea kama anayelipia kila neno.

"Mwalimu," nikamwambia kwa ndani ya kitambaa, "tafuta mtu wa alto."

"Kwani wewe umekufa?"

"Sijafa. Sina meno."

"Basi kiti ni chako."

Nikamweleza kwamba msimu unafunguliwa baada ya wiki chache, kwamba nyimbo zitakuwa na shimo, kwamba watu watacheka. Akaendelea kuipangusa miwani yake. Kwenye bendi yetu mtu haingii kwenye sauti ya mwenzake katikati ya msimu. Huo ni utaratibu tuliorithi kwa waliotutangulia. Mwenzetu akifariki, tarumbeta lake linalazwa kwenye kiti chake mpaka msimu uishe, na sauti yake haipigwi. Msimu ukishafungwa, ndipo linakabidhiwa kwa mwingine.

"Tarumbeta litakaa kwenye kiti," akasema. "Likae mpaka Makambako, siku ya kufunga. Ukilipiga siku hiyo, ni lako. Usipolipiga, mwakani ni la mwingine. Sitaweza kukusubiri zaidi ya hapo, mama. Utaratibu ni utaratibu."

Nilirudi nyumbani nimekasirika na kushukuru kwa pamoja, na sikujua nianze na kipi. Nilikuwa na miezi ya kutosha. Ndivyo nilivyodhani.

Meno ya bandia yalikuja fizi zilipopona. Daktari alifanya kazi nzuri, kwa sura nilikuwa mtu tena. Nikajifungia chumbani, nikapasha kikombe, nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikapuliza. Bandia zikatoka kama zimefukuzwa. Nikazivaa tena, nikabana zaidi, nikapuliza. Safari hii zilikwama ndani ya kikombe, nikalazimika kuzitoa kwa sindano ya kufumia. Jamani! Nilikaa kitandani nikalia, mtu mzima mwenye watoto shule ya bweni, nikalia kwa kwikwi. Kisha nikalia zaidi kwa sababu hata kulia kwenyewe kulikuwa kunapiga filimbi kwenye pengo.

Baada ya hapo nilijificha. Bandia nilizitupa kabatini, nikawa natembea na mtandio umefika puani, na simu nikaizima, maana kila aliyepiga alitaka video, "tukuone uso, dada." Uso upi? Bendi ilifungua msimu Njombe mjini na mimi nikiwa kwenye mashine yangu, nimeifungulia kwa kasi ili nisisikie chochote kutoka kanisani. Nilisikia vilevile. Upepo ulikuwa unaleta wimbo kwa vipande, na katikati ya kila kipande palikuwa na shimo lenye ukubwa wangu.

Mwezi wa tisa bendi ikaenda Makambako kwa onyesho la katikati ya msimu. Njombe kila mtu alijua habari ya ng'ombe, wengine walikuja hata kumtazama. Makambako, nje ya bendi, hakuna aliyejua, na wanabendi walipanda gari wakatoka kabla mtu hajawauliza. Watu wakaingia kanisani, wakakaa, wakatazama mbele, wakaona kiti cha alto, na tarumbeta limelazwa juu yake. Na mwalimu wetu, kama kawaida yake, hakusema neno. Alidhani tarumbeta kwenye kiti linajieleza. Kweli lilijieleza, na vizuri sana.

Siku mbili tatu baadaye nilikuwa uani nimekaa kwenye kigoda, namenya viazi. Mume wangu alikuwa safarini na mbao, watoto hawapo, nilikuwa peke yangu na ng'ombe wangu. Nikasikia kilio. Wanawake wengi, kilio cha msiba kabisa, kinakuja kutoka barabarani. Upande wa pili wa ua wetu kuna babu aliyekuwa mgonjwa tangu Pasaka, nilikuwa nimempelekea maziwa jana yake. Nikasema, basi, babu ametutoka. Nikatupa kisu, nikajifunga kitenge, nikashika kichwa, nikatoka mbio kuelekea getini huku nalia kwa sauti yangu yote, kama inavyotakiwa kwa jirani mwema.

Tukakutana getini. Wao wanaingia wanalia, mimi natoka nalia. Mbele alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa Makambako, mama mmoja mnene mwenye roho nzuri, ndoo ya unga kichwani. Nikamkumbatia. Akanikumbatia kwa mkono mmoja, mwingine umeshika ndoo. Tukalia, kila mmoja begani kwa mwenzake.

"Amekwenda lini?" nikamuuliza.

"Hata hatujui, mwenzangu! Hatukuambiwa! Tumeona kiti tu!"

"Kiti gani?"

"Cha alto!"

Nikaacha kulia. Nikajitoa begani kwake, nikamtazama. Naye akanitazama, machozi yakimtiririka, akanitazama tena, na nikaona macho yake yakibadilika kidogokidogo. Ndoo ikaja chini. Unga ukatumwagikia miguuni wote wawili.

"Mama yangu wee!" akapiga kelele. "Marehemu huyu hapa!"

Wa nyuma walikuwa hawajaona, wao wakaendelea kulia. Ilichukua muda habari kufika mwisho wa msafara, na kila ilipofika kilio kiligeuka kuwa ukelele wa aina nyingine. Binti mmoja alikimbia mpaka barabarani akakataa kurudi. Mwingine alinishika mkono akaubinya, akaubinya tena, kisha akasema kwa hasira kabisa, "Na simu umezima ya nini?" Wakanieleza kwamba walipiga wee, haipatikani, na hilo ndilo lililowahakikishia. Kwenye kundi lao la WhatsApp kulikuwa na picha yangu na mshumaa. Nikaiomba niione. Ilikuwa picha nzuri, nimecheka, meno yote yamejaa.

Nilipoiona ile picha nikaanza kucheka. Sikupanga. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye unga, na mtandio ulikuwa umeanguka zamani, na ndipo mwenyekiti aliponyooshea kidole kinywa changu. "Na meno yamekwenda wapi?"

Nikawasimulia habari ya ng'ombe. Wakataka kumwona. Wakaenda wote zizini, wakiwa na vitenge vya msiba, wakamtazama na kumtukana kila mmoja kwa zamu yake, wengine kwa Kiswahili na wengine kwa Kibena. Kisha wakasema chakula cha rambirambi hakirudi kilikotoka, huo ni mkosi, kwa hiyo kitapikwa hapahapa. Tukapika. Ugali wa unga uliobaki ndooni, maharage waliyokuja nayo, viazi vyangu, chai ya maziwa ya yule muuaji. Nimekula kwenye misiba mingi, lakini wangu ndio uliokuwa na chakula kitamu kuliko yote.

Nataka nieleweke hapa. Wale akina mama wengi wao hawakujua hata jina langu. Walinijua kwa kiti. Walikuwa wameacha mashamba, maduka na watoto, wakachanga unga, wakapanda gari kwenda kumlilia mtu ambaye walichokijua kwake ni sauti ambayo hakuna anayeikumbuka. Nilikuwa nimekaa miezi nikiamini kwamba hakuna anayemkumbuka mtu wa alto. Usiku ule sikulala vizuri kwa kushukuru.

Walipoondoka, mwenyekiti alinishika bega. "Siku ya kufunga msimu uje. Mchungaji ameshatangaza kifo chako madhabahuni. Sisi hatuwezi kwenda kumwambia kwa mdomo tu. Atataka kukuona."

"Nitakuja. Lakini kupiga siwezi."

"Njoo," akasema. "Hayo ya kupiga ni yako na Mungu."

Siku chache baadaye Fuso ikapiga honi getini. Alikuwa mpiga besi wetu. Huyu ni Mkinga wa Makambako, mfanyabiashara wa viazi na mbolea, mzee mtanashati asiyevua suti hata anapokagua magunia. Mimi Mbena, yeye Mkinga, kwa hiyo ni watani, na utani wetu hauna likizo. Wakati wa msiba wangu alikuwa Tunduma kwa biashara zake. Alishuka kwenye gari ameshavua kofia, ameishika kifuani kwa heshima.

"Kamwene, marehemu," akasema kwa salamu ya kwetu. "Huko ulikokwenda viazi wanauza bei gani?"

"Huko Wakinga hawaruhusiwi. Wangeshafungua duka."

Akacheka, akaingia jikoni, akakaa. Nikampa chai. Akanywa kidogo, akaweka kikombe chini, na sura yake ikabadilika. Akasema anataka anisikie nikipiga.

Nikamwambia haiwezekani. Nikamweleza habari ya bandia, jinsi zinavyoruka, jinsi zilivyokwama. Nilisema kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nimechoka kueleza. Nikamwambia siku ya kufunga nitakwenda kukaa kwenye kiti na kulikabidhi tarumbeta kwa mkono wangu mwenyewe, na yeye aache kunichimba.

Alimaliza chai yake. Akainuka, akaenda kufunga mlango wa jikoni. Akarudi, akanigeuzia mgongo kidogo, akafanya kitu usoni kwa mkono, akageuka tena.

Hakuwa na meno ya mbele. Si mawili, manne. Mkononi alikuwa ameshika bandia yake, nyeupe, safi, nzuri kama suti yake.

"Nilianguka na baithikeli nikiwa kijana," akasema. "Bado thijaoa."

Miaka yote tuliyopiga pamoja! Akanieleza kwamba kila onyesho, kabla ya wimbo wa kwanza, anajifuta uso kwa leso, na bandia inaingia kwenye leso, na leso inaingia mfukoni. Besi ina kikombe kikubwa kinachofunika mdomo wote, hakuna anayeona kitu. Ndiyo maana huwa haongei kati ya wimbo na wimbo. Na sisi tulikuwa tunadhani anasali! Mwalimu alishawahi kutuambia tuige unyenyekevu wake.

"Bandia ni ya kulia nyama na kupigia picha," akasema. "Kwenye tarumbeta itoe. Halafu hamitha kikombe. Meno yako ya kuthoto yapo?"

"Yapo."

"Bathi piga kwa kuthoto."

Nikachukua tarumbeta la zamani nililokuwa nalo nyumbani, nikaweka kikombe pembeni ya mdomo, karibu na shavu, mahali ambapo mwalimu angenichapa fimbo kama ningekuwa mwanafunzi wake. Kilichotoka kilikuwa kibaya. Lakini kilikuwa sauti. Kilikuwa na mwanzo na mwisho, na katikati yake palikuwa na kitu kilichosimama wima.

"Haitakuwa ileile," mtani wangu akasema. "Yangu haikuwa ileile. Itakuwa nyingine. Utaizoea, nathi tutaizoea." Akarudisha bandia yake, akanyoosha tai, akawa mtu mkubwa tena. "Na ukimwambia mtu habari hii, nitakuua kweli, na safari hii hawatakuja na unga. Mke wangu tu ndiye anayejua. Pale sokoni wanangoja kunicheka kwa sababu ndogo kuliko hiyo."

Nikaapa. Nikamwapia kwa ng'ombe wangu.

Kuanzia siku hiyo nilipiga kila asubuhi baada ya kukamua, kabla ya kuwasha mashine. Shavu la kushoto lilivimba, likapona, likavimba tena. Shingo ilinipinda, nikawa natazama dunia kwa upande. Nilijifunza upya vitu ambavyo nilivijua tangu nikiwa msichana: mahali pa kuweka ulimi, kiasi cha kubana, namna ya kushuka kwenye nota ya chini bila kuanguka. Mtani wangu alipita kila alipokuja kununua viazi. Alikaa na besi yake kwenye kigoda, ameivua bandia, mlango umefungwa, na tulipiga wawili, alto na besi bila ya kwanza wala ya tatu, wimbo ulio mifupa mitupu. Hakunisifu hata mara moja. Nikikosea alisema, "Tena." Nikipatia alisema, "Tena." Ni mtu wa bei kubwa yule, na kwangu hakuuza kitu, alitoa bure tu.

Siku ya kufunga, Makambako upepo ulikuwa wa kawaida yake, ule wa kubeba mabati. Niliingia kanisani na bendi. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje, kwa sababu habari za marehemu zilikuwa zimesambaa, na wengine nadhani walikuja kwa ajili hiyo tu. Nilifika kwenye kiti, nikaliinua tarumbeta langu, nikakaa. Mwalimu alinitazama juu ya miwani. Hakuuliza kama naweza. Aliinua mkono.

Nikaweka kikombe kushoto. Nikamwona akikunja uso kwa ule mkao wangu wa kipuuzi. Tukaanza.

Wimbo wa kwanza nilikosa nota mbili. Wa pili nilikosa moja. Kwenye wa tatu kuna mahali ambapo sauti ya kwanza inanyamaza na alto inabaki na besi peke yao kwa mistari miwili, na pale nilisahau kila kitu, shavu, shingo, ng'ombe. Sauti yangu haikuwa ileile. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Lakini ilikuwa imekaa pale inapokaa alto, na nyuma yangu besi ilikuwa imeishika kwa chini. Mwalimu aliacha kukunja uso. Tulipomaliza, akaandika kitu hewani kwa kidole, alama ya vema, kama alivyokuwa akifanya ubaoni, na nikajua tarumbeta ni langu. Nilitaka kupiga vigelegele mwenyewe.

Nilidhani yamekwisha. Lakini kabla ya baraka, mchungaji akasimama.

"Yupo mwenzetu," akasema, "ambaye hapa madhabahuni nilimtangaza kuwa amelala. Naomba radhi kwake na kwa Bwana. Tunaomba asimame, atusalimie."

Kanisa zima likanigeukia. Nikashika tarumbeta kwa mikono miwili. Kupiga nilikuwa nimepiga, kikombe kimefunika mdomo. Kusalimia ni kufumbua kinywa mbele ya watu wote wale, na bandia zilikuwa Njombe kabatini. Wale akina mama wa msiba walikuwa wameniona, lakini wao walikuwa wamekula ugali wa msiba wangu, ni ndugu. Huku kulikuwa na vijana tayari wanachungulia. Mchungaji akasubiri. Kimya kikaanza kuwa kirefu, na nikaona aibu ya kutosimama ikiikaribia aibu ya kusimama.

Nyuma yangu kiti kikakwaruza sakafu.

Mtani wangu alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwita. Alifunga kifungo cha suti, akatazama kanisa lote, wateja wake, wadeni wake, washindani wake wa sokoni, wote walikuwa mle. Leso ilikuwa bado mfukoni.

"Bwana Yethu athifiwe!" akasema, kwa sauti yake yote ya besi, kinywa wazi mpaka mwisho.

Hakuna aliyejibu amina. Kanisa likapasuka kwa kicheko. Watoto walianguka kutoka kwenye mabenchi. Mzee mmoja wa kanisa alilala juu ya Biblia yake. Mke wa mtani wangu alijifunika uso mzima kwa kitenge, na kitenge kilikuwa kinatikisika. Mwalimu wetu, ambaye sijawahi kuyaona meno yake mwenyewe, alivua miwani kwa sababu ya machozi. Na mtani wangu akasimama pale, hakuinamisha kichwa, akacheka pamoja nao, akageuka kulia waone, akageuka kushoto waone, akawaacha wacheke mpaka kicheko chote kikaisha. Hakubakiza hata kidogo.

Kisha akakaa, akanigusa bega kwa kidole.

"Haya, mtani," akaninong'oneza. "Wamethachoka. Thimama."

Nikasimama.